Cheti Kinachokufa kwa Kukosa Kazi

Kila mradi mkubwa wa nishati unapoanza, malalamiko ni yaleyale. Wenyeji wanasema ajira zimekwenda kwa wageni. Mkandarasi anasema mafundi hawapatikani. Wote wana sehemu ya ukweli. Ili kuona kwa nini, tumtazame fundi mmoja tu: mchomeleaji wa mabomba.

Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki lina urefu wa kilomita 1,443, kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga. Kipenyo chake ni inchi 24, na linaungwa kwa vipande vya mita 18. Piga hesabu, utapata maungio yapatayo 80,000. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi na huganda yakipoa, kwa hiyo husafirishwa yakiwa yamepashwa moto. Hapo hakuna ungio la kubahatisha.

Fundi wa mageti na grili za madirisha anajua kuchomelea, hilo halina ubishi. Lakini kosa la geti hufichwa na rangi; la bomba hufichuliwa na eksirei. Ndiyo maana kabla ya kuajiriwa kwenye bomba, fundi hupewa jaribio ambalo mafundi hulijua kwa jina la 6G. Kipande cha bomba hufungwa kikiwa kimeinama nyuzi 45, na hakiruhusiwi kuzungushwa. Fundi ndiye anayekizunguka: mara amechuchumaa, mara ametazama juu cheche zikimwangukia. Asiache tundu la hewa wala takataka ndani ya ungio.

Kujifunza hivyo ni gharama. Mazoezi hula vyuma, vijiti vya kuchomelea na umeme, na ungio lililokosewa haliuziki. Chuo chenye bajeti finyu humfundisha kijana nadharia ya kutosha na mkono usiotosha.

Hata akifaulu, kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kwa kanuni za ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, zinazofuatwa sana katika kazi hizi, fundi asiyechomelea kwa njia aliyopimwa nayo kwa miezi sita hupoteza sifa yake. Cheti cha udereva hukaa kabatini salama. Cha mchomeleaji hufa kwa kukosa kazi. Mradi ukiisha, kijana hurudi kwenye mageti. Mradi mwingine ukija baada ya miaka miwili, yeye yuko mlangoni akisubiri kupimwa upya, na mgeni aliyetoka kazini juzi anapita na kumbukumbu zake mkononi.

Kenya inatupa funzo huko Olkaria. Mtambo wa kwanza wa jotoardhi ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981, na tangu hapo visima vimeendelea kuchimbwa, awamu baada ya awamu. Wachimbaji wakazeeka kazini wakiwafundisha vijana, hadi KenGen, kampuni ya Kenya ya kuzalisha umeme, ikapata kandarasi za kuchimba visima Ethiopia na Djibouti. Ujuzi ulibaki kwa sababu kazi ilibaki.

Kwa hiyo kufundisha mafundi wengi zaidi ni nusu tu ya dawa. Nusu nyingine ni kuwaunganisha na kazi za katikati: boila za viwanda vya sukari, matangi ya mafuta, matengenezo ya meli. Anayepanga ajira za mradi ujao aulizwe swali moja: mradi huu ukiisha, kabla miezi sita haijapita, nani atakuwa anamtilia fundi huyu sahihi kwenye daftari lake la kazi kuthibitisha kwamba bado anachomelea?