Oringi ya shilingi mia tatu, mbizi ya dola mia

Ukiisikia sauti yake mara moja huisahau. Mgeni ameshavaa miwani, nahodha kapunguza mwendo nje ya mwamba wa Mnemba, nawe unafungua mtungi: pah! Halafu mluzi mkali, na boti nzima inainamisha vichwa. Hewa inatoka ubavuni mwa kibano kinachoishikiza regulata kwenye valvu. Nimemwona mtu aliyelipa zaidi ya dola 100 kwa siku ile akibaki juu kuwatazama wenzake wakishuka, kwa sababu mfuko wa zana haukuwa na kipira cha akiba kinacholingana. Kipira chenyewe hakizidi upana wa ukucha wa dole gumba.

Mafundi wanakiita oringi. Ukiingia dukani kuitafuta, swali la kwanza si bei. Jiulize kwanza unanunua ya kitu gani. Mitungi mingi ya kukodisha kwenye mwambao wetu ni ya aluminiamu, ya lita 11 na ushei, na valvu zake ni za kibano, au za DIN zilizowekewa kizibo. Wageni wengi kutoka Ujerumani na majirani zake huja na regulata za DIN, zile zenye thredi za kuingia ndani ya valvu. Hapo ndipo adapta inapohitajika, na adapta ziko mbili zisizofanana hata kidogo.

Ya kwanza ndiyo hicho kizibo: duara la shaba linalokazwa ndani ya valvu ya DIN kwa ufunguo wa alenki, ili regulata ya kibano ipate mahali pa kukalia. Kwa kawaida kina oringi mbili, moja mbele unayoiona na moja nyuma, gizani. Ya pili ni kibano kinachofungwa kwenye regulata ya DIN ili ishike valvu ya kawaida. Hiki mara nyingi hakina oringi yake. Upande mmoja kinategemea oringi ya pua ya regulata, upande mwingine ile iliyokaa kwenye valvu ya mtungi. Naeleza haya kwa uchungu, maana niliwahi kuuziwa pakiti ya "oringi za adapta" kwa kibano ambacho hakikuwa hata na mfereji wa kuziwekea. Zilikuwa oringi nzuri tu. Bado ninazo.

Tuje kwenye vipimo, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Oringi ya uso wa valvu ya kibano ni namba 014: tundu la milimita 12.42, unene wa 1.78. Ile ya pua ya regulata ya DIN kwa kawaida ni 112: tundu la 12.37, unene wa 2.62. Ziweke mezani, zitazame kwa haraka. Matundu yao yamepishana kwa unywele. Muuzaji asiyejua atakupimia tundu, akupe yoyote kati ya hizo mbili, na wote wawili mtaridhika mpaka siku ya maji. Oringi ya nyuma ya kizibo haina namba moja ya kuaminika, kila mtengenezaji ana yake, kwa hiyo itoe na upime kwa kalipa, tundu na unene pia. Boksi la oringi za milimita za maduka ya spea halikusaidii sana. Utapata ya 12 kwa 2, itaingia kwenye mfereji kwa kubembelezwa, itavimba juu, na kibano kitaibana mpaka ikatike.

Ukishapata namba, uliza ugumu. Hupimwa kwa kipimo cha Shore A, na ya mitaani ni 70. Ya mtungi inatakiwa 90. Hesabu yake si ngumu: bar 200 ni kama kilo 200 zinazosukuma kila sentimita ya mraba, na tundu la 014 lina zaidi kidogo ya sentimita moja ya mraba, kwa hiyo kuna zaidi ya kilo 240 zinazotaka kutoka hapo, magunia mawili na ushei ya mahindi. Mpira laini husukumwa kwenye mwanya mdogo kati ya chuma na chuma, ukajing'ata, kisha pah. Kama pakiti haisemi chochote, bonyeza kwa ukucha: ya 70 inakubali, ya 90 inakataa.

Bei sasa. Oringi ya mpira wa nitrili, nyeusi, ya ugumu wa 90, ukiagiza mia kwa wauzaji wa vifaa vya viwandani, haifiki senti 10 za Marekani kwa moja, yaani chini ya shilingi mia tatu za Tanzania. Oringi hiyohiyo ndani ya kipakiti chenye picha ya mzamiaji itakugharimu karibu dola nzima. Mimi sioni kosa kununua ya kiwandani, mradi namba na ugumu vimeandikwa. Mpira wa Viton huwa ghali kuliko nitrili mara mbili mpaka nne. Poliyurethani, ambayo nyingi huonekana kama ukucha wa njano, nayo ni ghali, lakini ni ngumu kuchanika na haihami kwenye mfereji wake, kwa hiyo kwa kituo kinachofunga na kufungua mitungi arobaini kila siku inarudisha gharama yake. Kasoro yake ni kwamba baadhi huchoshwa na joto lenye unyevu, na joto lenye unyevu ndilo tulilo nalo.

Viton watu huinunua kwa sababu ya nitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, na mara nyingi bila haja. Kwa desturi ya uzamiaji wa burudani, mchanganyiko usiozidi asilimia 40 ya oksijeni huhudumiwa kama hewa ya kawaida, na nitrili inatosha. Hali hubadilika pale kituo kinapojaza oksijeni tupu kwanza kisha hewa juu yake. Hapo valvu nzima husafishwa kwa ajili ya oksijeni, oringi huwa za Viton au za mpira wa EPDM, na grisi huwa ile maalumu isiyoshika moto, si ya silikoni. Kuweka Viton kwenye valvu chafu ni kama kumvisha kanzu mpya mtu aliyetoka kwenye matope. EPDM nayo ina adui wake, mafuta ya petroli. Vaselini inaivimbisha, na vaselini haitakiwi popote karibu na oksijeni. Rangi zisikudanganye, ziwe za kijani, kahawia au bluu. Kila kiwanda hupaka kinavyotaka.

Ukinunua mia, utazitunza wapi? Nimeona mfuko umening'inizwa juu ya mota ya kompresa. Mota za umeme hutoa ozoni, na ozoni huipasua nitrili kwa nyufa ndogo ambazo huzioni mpaka uivute kidogo. Weka kwenye chombo kinachofungwa, gizani, mbali na mashine, na soma mwaka wa kutengenezwa kwenye pakiti kabla hujalipa. Mfuko wa bei ya kutupa wakati mwingine ni bei ya kutupa kweli.

Na ile oringi ya nyuma ya kizibo usiisahau. Msimu uliopita tulikuwa na mtungi uliolalamikiwa wiki nzima. Kila kijana aliyeushika alibadilisha oringi ya mbele, akakaza kibano kwa nguvu zaidi, ukanyamaza robo saa, ukaanza tena. Tulikwishatumia oringi sita. Mwishowe tuliuzamisha shingo kwenye beseni, regulata ikiwa bado imekazwa juu yake, na mapovu yakaonekana wazi: yalitoka pale kizibo kinapokutana na valvu. Tukafunga mtungi, tukamwaga hewa ya regulata na kuitoa, kisha alenki ikakitoa kizibo, na kile kilichotoka nyuma yake kilikuwa bapa kama tambi iliyokauka, kina mkunjo mmoja na chumvi nyeupe ndani ya mkunjo. Tukapima, tukaweka mpya, tukarudisha shingo kwenye beseni. Maji yakatulia.