Diski Imenasa Vichwa: Umpe Nani, na kwa Shilingi Ngapi?

Jirani yangu, mpiga picha za harusi, aliniletea diski ya nje iliyoanguka kutoka mezani ikiwa inafanya kazi. Tulipoichomeka ililia kwa sauti nyembamba, mfano wa mbu sikioni, ikanyamaza, ikalia tena. Ndani yake kulikuwa na harusi tatu ambazo wenyewe hawajakabidhiwa picha zao.

Mlio huo una maana yake. Ndani ya diski kuna sahani zinazozunguka, nyingi za kompyuta mpakato mara 5,400 kwa dakika, na vichwa vya kusomea huelea juu yake kwa nafasi ya nanomita chache tu. Kazi ikiisha, vichwa hurudi kwenye maegesho yake pembeni. Diski ikianguka kabla havijarudi, vinaweza kukaa juu ya sahani na kushikana nayo, kama vioo viwili vyenye unyevu vinavyogandana. Mota inahangaika kuzungusha, inashindwa, na hicho ndicho kilio unachosikia.

Kabla ya kutoa hata senti, badilisha kebo na tundu la USB, mara moja tu. Umeme hafifu huweza kuleta mlio unaofanana. Mlio ukiendelea, chomoa na usirudie.

Ushauri wa bure wa mtaani ni kuiweka kwenye friji au kuigongagonga. Nakusihi sana usiufuate. Diski ikitolewa kwenye baridi, mvuke wa hewa yetu hugeuka matone juu ya sahani. Na kila pigo huweza kung'oa kichwa ambacho kilikuwa kizima.

Kariakoo, fundi wa kwanza alitutajia shilingi 60,000, kazi ya siku hiyo hiyo. Anafungua kifuniko pale pale kaunta, anazungusha sahani taratibu kwa bisibisi na kurudisha vichwa pembeni. Sitaki kumdharau: kuna siku njia hiyo hufanikiwa. Lakini nilitazama feni iliyokuwa ikipuliza juu ya meza yake, nikakumbuka kwamba chembe moja ya vumbi ni kubwa mara nyingi kuliko ile nafasi ya vichwa. Nilipomuuliza atanakili vipi, akasema atafungua mafolda na kuyakopi. Hapo ndipo niliporudisha diski mfukoni. Diski iliyojeruhiwa hunakiliwa nzima kwanza, kipande kwa kipande, kwa programu kama ddrescue, ambayo ni ya bure na huruka sehemu mbovu ili izirudie mwishoni. Faili hutafutwa baadaye, ndani ya nakala.

Maabara maalumu hufungua diski kwenye meza yenye hewa iliyochujwa, huinua vichwa kwa kifaa kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, kisha hunakili. Kwa zile za Ulaya na Marekani, gharama kwa kawaida huanzia dola mia kadhaa. Vichwa vikiwa vimeharibika na kuhitaji kubadilishwa kwa vingine kutoka diski nyingine ya modeli ile ile, gharama huweza kuvuka dola 1,000. Maabara nyingi husema hakuna data, hakuna malipo. Uliza hata hivyo: je, uchunguzi unalipiwa? Diski ya kutoa vipuri ni juu ya nani? Na nauli ya kurudisha? Upate majibu kwa maandishi. Na kama fundi wa kwanza alishafungua, sema ukweli. Huenda bei ikapanda, lakini watajua wanachokabili.

Ndiyo maana 60,000 ile inaweza kuwa ghali kuliko zote. Vichwa vilivyonasa vikiwa vizima ni kazi ndogo kwa maabara. Vikishakwaruza sahani, data iliyokuwa kwenye mkwaruzo huo haipo tena, na hakuna bei ya kuirudisha.

Uamuzi wangu ni huu: kama ni filamu na nyimbo unazoweza kupata tena, mpe fundi au nunua diski mpya. Kama ni kazi ya watu au picha za marehemu zisizo na nakala kwingine, changa fedha upeleke maabara, hata ikichukua miezi mitatu. Diski iliyozimwa na kutunzwa pakavu inaweza kusubiri. Ya jirani yangu imefungwa kwenye boksi lenye sponji, na maharusi wa harusi zote tatu wameshaambiwa ukweli.