Nauli ya Ndege: Mbona Nairobi–London Si Bei Moja na London–Nairobi?

Kila Desemba ikikaribia tunaulizwa swali hili. Ndege ni ile ile, kiti ni kile kile, umbali haujabadilika. Mbona tiketi ya kutoka Nairobi kwenda London na kurudi ina bei tofauti na ya kutoka London kuja Nairobi na kurudi?

Wengi hudhani ni ushuru. Ushuru upo, tena si mdogo: Uingereza hutoza abiria anayeondoka huko kwa ndege, na Kenya nayo ina ada yake. Lakini hebu fikiria. Mwenye tiketi ya kwenda na kurudi huondoka London mara moja na Nairobi mara moja, aanzie upande wowote. Kwa hivyo ushuru unakaribia kulingana. Tofauti kubwa iko kwenye nauli yenyewe.

Mashirika ya ndege hupanga nauli kwa kuangalia safari inaanzia wapi. Katikati ya Desemba, London imejaa Wakenya wanaotaka kuja nyumbani kwa Krismasi, pamoja na watalii wanaokimbia baridi. Wote wanataka kuondoka wiki hiyo hiyo, na shirika linajua watalipa tu. Anayetoka Nairobi siku hizo anaenda kinyume na umati, kwa hivyo mara nyingi huvutwa kwa bei nafuu ili viti visiende bure.

Sarafu nayo ina mchango wake. Nauli zinazoanzia London hupangwa kwa pauni. Zinazoanzia Nairobi kwa kawaida hupangwa kwa dola, hata ukilipa kwa shilingi. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu Sh160, kisha kufikia katikati ya mwaka ikashuka hadi karibu Sh130. Nauli ya dola 800 ingetoka Sh128,000 hadi Sh104,000, bila shirika kugusa bei yake.

Sasa, mahali watu huchomeka. Uko Nairobi, unaona tiketi inayoanzia London ni rahisi, unainunua ukipanga kuruka safari ya kwanza na kutumia ya pili. Usijaribu! Kwa mashirika mengi, usipopanda ndege ya kwanza, safari zote zilizobaki zinafutwa. Utafika kaunta na mizigo yako uambiwe huna nafasi, na pesa kwa kawaida hairudi. Kumwomba dada yako aliye London akununulie pia hakubadilishi sana: safari ikianzia Nairobi, nauli ni ya Nairobi.

Kwa hivyo kabla ya kuweka PIN, soma mpangilio wa miji na jumla ya shilingi baada ya dola kubadilishwa. Kama unalipia familia nzima, kumbuka muamala mmoja hauwezi kuzidi Sh250,000. Muulize wakala mapema kama anapokea malipo kwa awamu, maana nafasi iliyoshikiliwa huwa na saa yake ya mwisho.