Maombi yetu yamekosa neno 'mbona'

Mtu akisikiliza kwa makini sala zinazotolewa hadharani katika makanisa, shule na vyuo vyetu, atatambua kwamba zina sarufi yake. Huanza kwa kurundika majina ya sifa: Mwenyezi, Muumba wa mbingu na nchi, Mfalme wa wafalme. Hufuata shukrani kwa siku ya leo, kwa uzima na kwa pumzi. Kisha yaja maombi yenyewe: utubariki, utulinde, utuongoze. Sina ugomvi na sala za namna hiyo, maana kila lugha ya ibada ina ada zake. Kinachonikera ni kwamba sala hiyo hiyo, kwa maneno hayo hayo, hutolewa siku ya harusi na siku ya kumzika mtoto.

Aghalabu huwaonyesha wanafunzi wangu kwamba 'kwa nini' na 'mbona' si pacha. Anayeuliza 'kwa nini umechelewa?' anataka sababu, na akipewa huridhika. Anayeuliza 'mbona umechelewa?' ana lake moyoni. Alikutarajia, umemvunja tamaa, na swali lake ni nusu lawama. Mpita njia nisiyemjua akikosa kunisalimu, sina 'mbona' ya kumwuliza. Ndugu yangu akinipita kimya, ninayo.

Wafasiri wa Biblia ya Union ya mwaka 1952 walipofikia mwanzo wa Zaburi ya 22 walitumia 'mbona', wala hawakukosea. Kilio hicho ndicho Yesu alichokitoa msalabani. Marko aliandika Injili yake kwa Kigiriki, lakini alipofika hapo, katika sura ya 15, alikiacha kilio kwanza katika Kiaramu, ndipo akakifasiri. Nionavyo mimi, alitaka tusikie sauti ya mtu aliyelia kwa lugha aliyolelewa nayo, si hotuba iliyoandaliwa.

Kitabu cha Zaburi kwa Kiebrania huitwa Tehillim, yaani sifa. Hata hivyo, wataalamu wanaoziainisha zaburi hizo huhesabu yapata thuluthi yake kuwa ni malalamiko. Katika aya mbili za kwanza za Zaburi ya 13, mwombaji anauliza 'hata lini' mara nne. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani. Hakuna aya ya shukrani iliyobandikwa mwishoni ili kutuliza nyoyo za wasikilizaji. Naye Yeremia, katika sura ya 20, anamwambia Mungu wazi kwamba amemhadaa. Ajabu ni kwamba katika aya ya 13 ya sura hiyo nabii anaimba sifa, na katika aya ya 14 anailaani siku aliyozaliwa. Mhariri wa gazeti angemrudishia makala hiyo aipange upya.

Najua nitajibiwa kwamba wana wa Israeli walinung'unika jangwani na wakaadhibiwa. Ni kweli. Lakini hebu tutazame sarufi ya manung'uniko yao. Katika Hesabu 14 wanawanung'unikia Musa na Haruni, kisha wanaambiana wao kwa wao wamteue kiongozi wa kuwarudisha Misri. Mungu anasemwa katika nafsi ya tatu, kana kwamba hayupo. Mtunga zaburi husema 'wewe'. Tofauti iyo hiyo imo katika kitabu cha Ayubu. Marafiki zake wanazungumza juu ya Mungu sura baada ya sura, tena kwa lugha ya heshima kubwa, wala hakuna mahali popote wanapomgeukia wakamwambia neno. Ayubu, pamoja na ukali wake wote, humgeukia mara kwa mara. Katika sura ya 42 ni hao watetezi wa Mungu wanaokemewa, na Ayubu anayelalamika ndiye anayesemekana kuwa amenena yaliyo sawa.

Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria mkutano wa maombi wa wanafunzi. Msichana mmoja aliyefiwa na mama yake muhula huo alisimama kuomba. Akaanza, 'Mungu, mbona...' Sauti ikamkatika. Akajaribu tena, na neno likawa lile lile. Kiongozi, kwa nia njema bila shaka, akaanzisha pambio. Makofi yakapigwa, watu wakasimama, na yule msichana akaketi. Hakuna aliyemkemea, hata hivyo alikuwa ameelewa kwamba alichotaka kusema hakisemwi pale.

Walimu wenzangu wanajua siku ya maombi ya watahiniwa inavyokuwa kabla ya mtihani wa KCSE. Kalamu huombewa, na kila mtahiniwa hutangaziwa ushindi. Simlaumu anayemtakia mtoto mema. Lakini katika ukumbi huo huo yumo mvulana ambaye karo yake haijalipwa, na msichana ambaye hakulala kwa sababu ya ugomvi wa wazazi. Wamo pia wengi walioshikwa na woga mtupu. Hakuna sentensi hata moja katika sala ya siku hiyo inayowahusu. Baadaye matokeo yanapotangazwa, aliyeanguka hana lugha ya kumrudia Mungu, kwa kuwa alifunzwa lugha ya ushindi peke yake. Anachobakiwa nacho ni kunyamaza, na kimya hicho nakihofia kuliko malalamiko yoyote.

Simaanishi kwamba sasa tulalamike kwa zamu kwenye gwaride la Jumatatu. Uchungu nao unaweza kugeuzwa maonyesho, kama ambavyo sifa zimekwisha kugeuzwa. Ombi langu kwa wanaoongoza ibada shuleni ni dogo: mwanafunzi akisitasita katika sala, asikimbiliwe kwa wimbo.

Katika 1 Samweli, sura ya kwanza, Hana aliomba hekaluni kwa uchungu, midomo ikimtikisika bila sauti kusikika. Kuhani Eli alimdhania mlevi, akamkaripia. Hana akamjibu kwamba hakulewa, bali alikuwa akiimimina nafsi yake mbele za Bwana. Eli hakumtaka aanze upya kwa shukrani. Hakumwuliza hata alichokuwa akikiomba. Alimwambia aende kwa amani, akamtakia apewe alichoomba.