Dola ya Wareno Ilianguka Lini?

Katika madaftari ya Historia ninayosahihisha hapa Mpanda, swali moja hupata jibu lile lile kila mwaka. Nauliza, "Kwa nini Wareno walitoka katika pwani yetu?" Wanafunzi hujibu, "Kwa sababu Waarabu wa Oman waliwapiga Mombasa mwaka 1698." Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Ni sawa na kusema kwamba mzee fulani alikufa kwa sababu aliacha kupumua. Mwanahistoria hutaka kujua ugonjwa.

Mtu mmoja aliyeutafuta ugonjwa huo ni Justus Strandes, Mjerumani aliyekuwa mfanyabiashara katika pwani ya Afrika Mashariki. Kitabu chake juu ya zama za Wareno kilichapwa Berlin mwaka 1899, na tafsiri yake ya Kiingereza ikatoka mwaka 1961. Strandes alizisoma barua na taarifa za Wareno wenyewe, akazipanga mwaka kwa mwaka. Hapo ndipo yaonekana kwamba dola hiyo iliugua muda mrefu kabla ya kufa.

Hebu tuitazame miaka yenyewe. Vasco da Gama alifika pwani yetu mwaka 1498. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa. Yaonekana kama nguvu, lakini mwenye kujenga ukuta mnene namna ile ana hofu. Ureno ilikuwa nchi ndogo, yenye watu wasiozidi milioni mbili, nayo ilitaka kushika bandari tangu Brazili hata China. Mwaka 1622 walinyang'anywa Hormuz na Waajemi waliosaidiwa na Waingereza. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan wa Mombasa, waliyemlea wao wenyewe huko Goa, aliwageuka akamwua kapiteni wa ngome. Mwaka 1650 Oman iliwatoa Maskati. Basi Waomani walipoizingira ngome mwezi wa Machi 1696, walikuta mti ulioliwa na mchwa.

Mazingira hayo yalidumu miezi 33. Maradhi yaliua watu wengi kuliko risasi. Mwaka 1697, Wareno walipokwisha kufa, ngome iliongozwa kwa muda na Bwana Daud wa Faza, Mswahili aliyekuwa upande wao. Angalieni basi: haikuwa vita ya watu wa pwani wote upande mmoja na Wareno upande wa pili. Ngome ilitekwa Desemba 1698. Siku chache baadaye merikebu za msaada zikatokea, zikaona bendera ya Oman juu ya ukuta, zikageuka.

Lakini barua za Wareno ni shahidi wa upande mmoja. Hakimu mwema hasikilizi shahidi mmoja tu. Ziko habari za Mombasa zilizoandikwa na wenyeji kwa Kiarabu. Tena iko ardhi yenyewe. Kuanzia mwaka 1958, ngome ilipoacha kuwa jela, James Kirkman alichimba ndani yake. Mwaka 1977 wapiga mbizi walianza kuichunguza merikebu ya Kireno Santo António de Taná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 ilipokuja kuwaokoa waliozingirwa. Na shahidi mwingine yumo vinywani mwetu: maneno meza, bendera na gereza yametoka kwa Wareno. Utawala wao ulikwisha, maneno yao yakabaki.

Huenda mwanafunzi akasema, "Mwalimu, Mombasa ni mbali. Sisi wa Katavi twaweza kufanya nini?" Twaweza kufanya kazi ile ile. Huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, Wabelgiji walianzisha kituo mwaka 1879, na mwaka 1885 kikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Wageni hao waliandika barua na taarifa zao, nazo zimehifadhiwa. Je, wazee wa Karema walisimuliwa nini na babu zao juu ya mambo hayo hayo? Asipotokea mtu wa kuandika, habari za mkoa huu zitabaki na shahidi mmoja, naye ni mgeni.

Kwa hiyo nawaomba, wanafunzi na wazazi. Likizo ikifika, kaa na bibi au babu, ukiwa na daftari. Andika jina la msemaji, tarehe, mahali, na kama jambo aliliona mwenyewe au alisimuliwa. Wazee wawili wakihitilafiana, usichague linalokupendeza. Andika yote mawili. Daftari hizo zikirudi shuleni, tutakuwa na mashahidi wa kutosha kuanza kuuliza.