Kutosha kizazi juu ya shida za kukoma hedhi: wamama wajue nini kwanza?

Butembo na Beni, mama akifika miaka 45 ao 48, mwili unaanza kubadilika. Damu ya mwezi inakuja mara mbili ndani ya siku 30, kisha inapotea miezi mitatu. Usiku joto linapanda toka kifuani mpaka usoni, anatupa blanketi hata kama inje kuko baridi. Usingizi hakuna, hasira inakuja bure. Ndipo jirani anamushauri: « Uende wakutoshe kizazi, utapona. » Je, ni kweli?

Jibu ni hili: kutosha kizazi kunamaliza damu, hakumalizi joto.

Joto linatoka wapi?

Damu inatoka ndani ya kizazi, lakini amri inatoka kwenye ovari, vile vifuko viwili vya mayai vilivyo pembeni yake. Wakati hedhi inakaribia kukoma, ovari zinachoka. Leo zinatoa homoni nyingi, kesho kidogo. Huko kupanda na kushuka njo kunaleta joto la gafula na jasho la usiku. Inaweza kuchukua miaka ine ao zaidi, mpaka mama amalize miezi 12 bila kuona damu.

Basi, munganga akitosha kizazi na kuacha ovari, joto litaendelea. Akitosha vyote viwili, hedhi inakoma siku ile ile, joto linakuja kwa nguvu zaidi, na mifupa inaweza kuwa zaifu mapema.

Ni lini operesheni inafaa?

Kuna wamama ambao operesheni inawaokoa kweli: wenye kansa ya kizazi, wenye fibromi kubwa, ao wenye kutoka damu nyingi ambayo dawa zimeshindwa kusimamisha. Lakini mbele ya kufika huko, kuna njia zingine. Munganga anaweza kupima damu, kufanya ekografi, kuhakikisha hakuna mimba, na kukamata kipande kidogo cha ndani ya kizazi ili kutafuta kansa. Kuna dawa za kupunguza damu, homoni, na vidonge vya feri kwa aliyepungukiwa damu. Joto nalo liko na matibabu yake, hata ya homoni, lakini haifai kwa kila mutu. Aliyewahi kuwa na kansa ya titi ao damu kuganda ndani ya mishipa aseme mapema.

Maulizo ya kupeleka kwa munganga

– Ugonjwa wangu unaitwa nani?
– Ni dawa gani tungejaribu kwanza?
– Ovari zangu zitabaki?
– Bei yote ni ngapi, pamoja na damu ya kuongezewa kama itahitajika?

Hilo la mwisho lina ndugu yake nyumbani. Kisha operesheni, mama hapaswi kubeba muzigo muzito karibu wiki sita. Nani atachota maji? Nani atabeba mihogo toka shamba? Bwana na watoto wapange mbele, si kisha.

Na wale wanaosema mama bila kizazi si mwanamuke tena, wanadanganya. Hatazaa tena, lakini anabaki mwanamuke, na ndoa inaendelea. Kukubali ao kukataa operesheni ni haki yake mwenyewe.

Usichelewe kama…

Damu inalowesha kitambaa kila saa, inapita siku saba, ao unasikia kizunguzungu. Na kama miezi 12 ilipita bila damu, kisha ikarudi hata kidogo, usiseme ujana umerudi: uende upimwe. Uanze kwenye kituo cha afya cha karibu. Watakutuma kwenye hospitali kuu, kama vile Katwa ao Kitatumba kwa watu wa Butembo, ao ile ya Beni.

Tena, mama, mpaka miezi hiyo 12 itimie, mimba bado inaweza kuingia.