Fahamu: Kwa nini dirisha jeusi lipewe jina

Amri ya title, inayolipa dirisha jina katika faili la bechi la Windows, hudharauliwa kama pambo tu. Lakini fungua madirisha matatu meusi ya cmd kwa pamoja, moja likinakili mafaili, jingine likisafisha diski: mstari mmoja, title Nakala ya usiku, ndio utakaokuzuia kufunga lisilostahili. Windows yenyewe huliheshimu jina, hata kupita kiasi. Andika start "C:\Kazi Zangu\hesabu.exe" na programu haifunguki, linakuja dirisha tupu lenye anwani hiyo juu, kwa kuwa maneno ya kwanza ndani ya alama za kunukuu huchukuliwa kuwa jina. Dawa ni kutanguliza "" tupu. Wapo watakaosema jina haliaminiki. Kweli: ukiendesha kama msimamizi, Windows ya Kiingereza hubandika Administrator: mbele yake, na taskkill, amri ya kuzima michakato, ikitafuta jina kamili hukosa shabaha. Basi jina liwe la macho ya binadamu. Kuzima mchakato, tumia namba yake, PID.